Mkalimani wa Nyumba ya Mzee Alute

Ukifika shule ya sekondari pale Mungaa ukamwulizia mwalimu Loyce, wanafunzi watakuuliza wao kwanza, "Nani, Madamu Asili?" Ndilo jina walilombandika, mwenyewe analijua, na halimkeri hata kidogo. Limetokana na mtindo wake darasani. Mwanafunzi akishataja maana ya msemo wa Kiingereza na kuanza kukaa, akidhani kazi imekwisha, Loyce humzuia kwa mkono. "Bado. Na asili yake?" Asiyejua hakai.

Usimcheke. Ugonjwa huo ulimwanza siku mbaya. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, enzi zake, waliulizwa maana ya msemo mmoja wa Waingereza, kwamba mtu fulani amepiga ndoo teke. Loyce alikuwa binti wa mfugaji, amekamua ng'ombe tangu mikono ilipopata nguvu ya kukamua. Hakusita. Aliandika kwamba huyo ni mtu anayeharibu kazi ikiwa karibu kwisha, sawa na ng'ombe anayetulia mpaka chombo kijae, kisha anarusha mguu na maziwa yote yanakwenda chini. Akatoa na mfano. Akatoka nje anatembea kwa madaha. Huko nje wenzake wakamwambia kwamba Waingereza wakisema hivyo wanamaanisha mtu amekufa.

"Amekufa? Marehemu na ndoo wapi na wapi?" Loyce aliuliza kwa hasira. Alimwuliza mwalimu wake, hakujua. Miaka mingi baadaye alisoma kwamba hata wasomi wa huko wanabishana. Wengine wanasema ni boriti iliyokuwa ikiitwa kwa jina hilo, nguruwe walitundikwa pale wachinjwe, wakawa wanaipiga mateke. Wengine wana yao. Lakini yeye tangu siku ile aliapa kwamba hatamfundisha mtoto wa mtu msemo bila kumwonyesha ulikotoka.

Alipopata ualimu akakitimiza kiapo kweli. Kanuni yake ilikuwa moja. Usikimbilie neno. Uliza kwanza watu hao walikuwa wanafanya kazi gani siku waliposema hivyo, halafu utafute hapa kwetu ni nani anafanya kazi inayofanana. Waingereza wanasema habari ya uhakika imetoka mdomoni mwa farasi. Haya, kwa nini farasi? Kwa sababu mnunuzi mjanja hasikilizi maneno ya mwuzaji, anafunua mdomo wa mnyama na kuangalia meno. Pale Mungaa hakuna farasi, lakini hakuna mtoto asiyewahi kumwona baba yake mnadani amemshika ng'ombe taya. Darasa zima likaitikia, "Aaa!" Wanasema pia kuvunja barafu, maana yake kuanzisha maongezi kati ya watu wasiozoeana. Barafu ya pale ni ile ya kwenye friji ya dukani. Loyce akawaeleza kwamba kuna bahari za baridi ambako chombo kimoja chenye nguvu hutangulia kupasua barafu ili vingine vipite. Akauliza, "Kwetu nani hutangulia hivyo?" Msichana mmoja mwenye ndugu Itigi akasimama. "Anayetangulia na panga kwenye kile kichaka chao kisichopitika, madamu. Wa nyuma wanapita tu." Loyce alifurahi siku hiyo mpaka akasahau kusahihisha madaftari.

Basi, kipaji hicho ukikipeleka shuleni ni baraka. Nyumbani kina mambo yake.

Loyce ni mjane, watoto wake wana familia zao Dodoma, naye amerudi kuishi na baba yake, mzee Alute. Mzee huyu ana ulimi, jamani. Akikasirika hasemi, anarusha. Marehemu mkewe, mama Selina, ndiye aliyekuwa akisimama kati yake na watu. Mzee akisema, "Mwambie yule mvivu asilete tena sura yake hapa," mama Selina alitoka nje, akamwambia jirani, "Baba Loyce anakusalimu, anasema leo amechoka, mtaonana kesho." Jirani alikwenda zake kwa amani. Mama Selina alikuwa na msemo kwa kila jambo, na misemo yake yote ilikuwa na kivuli cha kupumzikia. Loyce alijifunza ukalimani kwake kabla hajajua neno moja la Kiingereza.

Mdogo wake Loyce, wa kiume, ni Fredrick. Huyo alikwenda Uingereza kusoma, akapata kazi ya kutunza wazee wasiojiweza, akaoa huko huko mwanamke aitwaye Helen. Alioa bila wazee kwenda kuposa na bila mshenga. Mzee Alute aliona amevuliwa nguo mbele ya kijiji. Na kwa kuwa mzee hashiki simu, anasema hawezi kuongea na mtu asiyemwona macho, maneno yote ya baba na mwana yalipita kwa Loyce. Ya baba yaliondoka yakiwa ya moto, yakafika Uingereza yamepoa. Ya mwana vivyo hivyo. Loyce aliona anafanya kazi ya mama yake, na kwa kweli alikuwa anaifanya.

Kisha mama Selina akafa. Alizidiwa asubuhi, na kabla watu hawajakusanyika alikuwa amekwenda. Loyce akiwa na simu mkononi, machozi hayajamshuka bado, alimwuliza baba yake amwambie nini Fredrick. Mzee alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, anatetemeka. Akasema, "Mwambie asipokuja kumtupia mama yake udongo, asikanyage tena hapa. Mwambie hivyo hivyo."

Loyce alitoka nje. Alimpigia mdogo wake, akasikia analia kama mtoto, akayaweka kando yale maneno. Fredrick alimwuliza, "Dada, baba anasemaje?" Loyce akajibu, "Baba anasema usihangaike na safari. Tutampumzisha mama, wewe utuombee huko huko." Akarudi ndani kupokea waombolezaji. Aliamini amemwokoa kila mtu.

Fredrick hakuja. Mzee Alute hakulitaja tena jina lake.

Sasa mwaka huu, baada ya mavuno, Fredrick akapiga simu kwamba anakuja, yeye na Helen. "Dada, nikikataliwa safari hii sitarudi tena. Sina nguvu ya kukataliwa mara nyingine." Loyce alimwambia baba yake kwamba mtoto anakuja. Mzee alishinda zizini siku nzima. Jioni akasema, "Aje. Nitamsikiliza. Kama hana la maana, aondoke alivyokuja." Hapo Loyce akajua kwamba ndugu yake yuko juu ya uzi mmoja, na uzi wenyewe ameshika yeye.

Wakaja. Helen ni mwanamke mrefu, mwenye uso wa kuungua na jua haraka, na alikuwa amejifunza njia nzima kusema shikamoo. Aliisema, akapiga na goti kidogo, mzee akaitikia marahaba akiangalia pembeni. Kuangalia pembeni haikuwa dharau. Mzee ana desturi aliyoirithi kwa baba yake, kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawatupiani neno moja kwa moja, neno linapita kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo hata kama Helen angejua Kiswahili chote, bado Loyce angehitajika. Wakamkalisha Helen ubavuni, kiti kimegeuzwa kidogo. Fredrick akakaa kwenye mkeka mbele ya baba yake, magoti pamoja, kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Helen akaanza. Alikuwa na woga, na Mwingereza mwenye woga hutoa misemo. Alisema tumbo lake limejaa vipepeo. Loyce akageuka, "Baba, mkwe wako anasema roho yake iko juu juu, mgeni ni kuku mweupe." Mzee akatikisa kichwa. Helen akasema kufika hapa kumemrusha juu ya mwezi. Loyce akatafuta kidogo, akapata. "Anasema furaha yake ni ya mkulima aliyeona mvua ya kwanza."

Mzee akainua kidole.

"Loyce."

"Abee, baba."

"Huyu mtu kwao mvua inanyesha mwaka mzima, nimesikia. Furaha ya mvua ya kwanza kaitoa wapi?"

Fredrick alishindwa, akacheka puani. Loyce, yeye Madamu Asili, akaanza kunyoosha khanga yake.

"Namsikiliza tangu alipoanza," mzee akaendelea, "anaongea kama marehemu mama yako. Maneno ya mama yako nimeyasikia maisha yangu yote, nayajua. Mimi nataka kumsikia yeye. Nipe alivyosema."

Helen, asiyejua kinachoendelea, aliona nyuso zimebadilika, akadhani amekosea, naye akaamua kuingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anajua mzee aliumia kwa ajili ya msiba, na wao waliumia pia, lakini anatumaini hayo sasa ni maji yaliyopita chini ya daraja.

Msemo wa kwetu unaolingana na huo ulikuwa tayari mdomoni mwa Loyce. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mzuri, laini, kila mtu anaujua. Lakini mzee alikuwa amemkazia macho, na Loyce akauacha. Akasema, "Anasema yale ya msiba anaomba yawe maji yaliyokwisha pita chini ya daraja."

"Asili yake?" mzee akauliza.

Haki ya Mungu, ningekuwepo ningeanguka kwa kicheko. Loyce hakucheka. Alisimama kama mwanafunzi wake mwenyewe. Akaeleza kwamba kule mito imejaa maji mwaka mzima, mtu akisimama darajani anayaona yanapita, na yakishapita yamekwenda baharini, hayarudi, hakuna haja ya kuyafikiria.

Mzee aliwaza. Nje kuku walikuwa wanaparura maganda ya alizeti.

"Kwao ni sawa," akasema. "Mto wa kwetu hapo chini sasa hivi una nini?"

"Mchanga, baba."

"Maji yamekwenda wapi?"

"Mengine yamepita. Mengine yako chini ya mchanga."

"Na mwezi kama huu tunakunywa nini? Tunayafuata na jembe. Tukisema yamepita yaache, ng'ombe wanakufa na sisi tunafuata. Mwambie. Mwambie hivyo hivyo, usimtilie asali."

Loyce akamwambia. Helen alisikiliza, akaangalia mikono yake, akasema kwamba ameelewa, mzee achimbe.

"Basi nachimba," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatamka jina. "Fredrick. Kwa nini hukuja kumzika mama yako?"

Fredrick alijibu kwa Kinyaturu, lugha ya nyumbani, polepole, kwa kuwa ilikuwa imeshika kutu. Alisema wakati ule alikuwa ameomba karatasi za kuishi kule. Akitoka nje ya nchi ombi linakufa, na yeye harudi, na mkewe yuko huko. "Lakini baba, nilishakunja nguo. Begi lilikuwa mlangoni. Nilisema karatasi zipotee, mama ni mmoja. Nikangoja neno lako tu. Neno lako ndilo lililonikalisha."

"Neno langu gani?"

"Kwamba nisihangaike na safari. Kwamba niwaombee huko huko. Nikaona kumbe hunihitaji hata msibani."

Mzee Alute alikunja uso, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Mimi nilisema hivyo?"

"Dada alisema umesema."

Wote wawili wakamgeukia Loyce. Helen naye akageuka, kwa kuwa aliona wenzake wamegeuka.

"Nilisema nini siku ile, Loyce?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema hakumbuki, msiba una mambo mengi. Alisema, "Ulisema asipokuja kumtupia mama yake udongo, asikanyage tena hapa."

Fredrick akafunika uso. "Ningekuja," akasema ndani ya viganja vyake. "Dada, ningeyasikia hayo ningekuja. Hata kwa kutembea."

"Mimi nilizuia jeneza," mzee akasema, sauti imemwisha nguvu. "Mchungaji ananiangalia, watu wananung'unika jua linakwenda, mimi nasema bado, kuna mtu yuko njiani. Nilisimama kaburini naangalia barabara. Kwa nini, mwanangu?"

"Ulikuwa unatetemeka, baba," Loyce akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka, hayafuti. "Mdomo wako ulikuwa unamfukuza na mwili wako wote unamwita. Mimi nilifikiri nikimpa maneno yako atasikia anafukuzwa. Nikampa mengine. Sikujua kwamba hayo mengine ndiyo yatakayomfukuza."

Mtu mwingine angetegemea mzee aanze kurusha, na Loyce alishainamisha kichwa kupokea. Lakini mzee alipumua tu.

"Mama yako alinifanyia hivyo miaka yote," akasema. "Mimi naropoka, yeye anapeleka mengine. Nikazeeka nadhani watu wananipenda, kumbe wanampenda yeye. Sikukataa, maana ilikuwa raha. Leo basi. Usinipikie tena maneno, yapeleke mabichi. Mwambie mkwe nilimchukia."

"Baba..."

"Mwambie. Nilisema ndiye aliyemshika mwanangu asije. Nimemchukia miaka yote hii na sikuwahi hata kumwona."

Misemo yote ya mama yake ilimjia Loyce kwa pamoja, ikimwomba aitumie. Hakuitumia. Alimgeukia wifi yake na kumpa maneno yale kwa Kiingereza cha kawaida kabisa, kisicho na farasi wala barafu ndani yake. Uso wa Helen ukawa mwekundu hadi shingoni. Alimtazama mumewe, akatazama mlango. Loyce alifikiri anaondoka.

Helen alijibu kwa maneno machache. Loyce akayashika, na alipoyashika akajua kwamba chanzo chake ni ule uongo wake wa kwenye simu. Akasema, "Anasema na yeye alikuchukia, baba. Alimkuta mumewe amelala sakafuni juu ya nguo alizokuwa amezikunja, analia, na mumewe akamwambia, 'Baba hataki niende.' Anasema tangu siku hiyo alikuchukia, na hakuwahi kukuona."

Mzee Alute akageuza shingo. Alimwangalia Helen usoni, waziwazi, jambo ambalo Loyce hakuwahi kumwona akilifanya kwa mke wa kijana yeyote wa ukoo. Hakutabasamu. Aliangalia tu mpaka akaridhika.

"Huyu amesema kweli," akasema. "Inukeni."

Kaburi la mama Selina liko nyuma ya zizi, pale shamba la mtama linapoanzia. Walikwenda kwa mstari, mzee mbele na fimbo yake. Fredrick alipewa jembe, akakwatua udongo kidogo pembeni, akapiga magoti na kuumimina juu ya kaburi kwa mikono yake miwili, na yale aliyomwambia mama yake hapo ni yake, siyaandiki. Helen akafuata. Alimimina wa kwake taratibu, akajipangusa viganja kwenye sketi.

Loyce alisimama nyuma yao, tayari kwa kazi, akisubiri nani atasema neno gani ili alipeleke.

Mzee akainama kwa shida, akachota udongo, akamnyooshea yeye.

"Mimi nilishamtupia, baba. Siku ile."

"Siku ile ulikuwa na simu sikioni. Ulikuwa unapokea watu, unabeba maneno yangu, unabeba ya huyu. Nilikuona. Hukumlilia mama yako, Loyce. Shika."

Loyce akashika. Ulikuwa udongo mkavu, unapita kati ya vidole. Akapiga magoti karibu na mdogo wake, akafungua mkono, akaita "Mama," mara moja tu, kwa sauti ambayo wanafunzi wake wasingeijua ni ya nani. Kisha akalia mpaka akachoka, na hakuna aliyemwambia basi.